Bastola ya Urithi: Namna ya Kuchunguza Historia na Thamani Yake Ukiwa Nairobi

Nianze na jambo ambalo wengi hawapendi kulisikia. Bastola kuukuu aliyoiacha babu, ukiitazama kama bidhaa ya kuuza hapa Kenya, mara nyingi haina pesa ya maana. Mnunuzi ni lazima awe na kibali, risasi za aina nyingi za zamani ni adimu, na kuipeleka ng'ambo kunahitaji ruhusa ya nchi inakotoka na ya nchi inakokwenda. Chenye thamani ni habari zake: ilitengenezwa wapi, nani aliimiliki, ilifikaje kwenu. Habari hizo hupotea upesi kuliko chuma, kwa sababu nusu yake iko vichwani mwa wazee na nusu iko kwenye karatasi ambazo mtu atazichoma siku ya kusafisha nyumba.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu: sheria kwanza, kisha alama za kwenye chuma, kisha karatasi za nyumbani na za serikali, na bei mwisho kabisa.

Kabla ya yote, usiiguse

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inakataza mtu kuwa na bunduki, bastola au risasi bila cheti cha kumiliki silaha. Cheti hutolewa kwa mtu kwa jina lake. Akifariki, hakimwangukii mwanawe wa kwanza kama ploti ya Ruai. Na usijipe moyo kwamba imeshika kutu, haina risasi, au ni ya kale mno kuhesabiwa kuwa silaha. Uamuzi huo si wako.

Nchi hii ina kumbukumbu nzito kuhusu bastola moja. Dedan Kimathi alipokamatwa Oktoba 1956, shtaka lililomfikisha mbele ya mahakama Nyeri lilikuwa la kupatikana na bastola ya Webley Scott ya .38 (upana wa risasi, kwa sehemu ya inchi). Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Zile zilikuwa kanuni za hali ya hatari. Sheria ya leo hainyongi kwa kosa hilo, lakini inafunga.

Iache ilipo. Funga chumba, watoto wasiingie. Usifungue silinda kuona kama kuna kitu ndani, usivute kifyatuo kujaribu, usihesabu risasi kwa mkono. Risasi iliyokaa miaka sitini kwenye unyevu haitabiriki. Wala usiifunge kwenye gazeti ukapanda nayo matatu kuipeleka kituoni kwa nia njema. Ukikutana na kizuizi cha polisi Waiyaki Way, nia njema yako itakuwa maneno matupu, nacho chuma kitakuwa mfukoni mwako.

Nenda mikono mitupu, ikiwezekana na wakili, kwenye kituo cha polisi cha eneo lenu au kwenye ofisi ya Bodi ya Leseni za Silaha. Beba kitambulisho chako, cheti cha kifo, na cheti cha silaha cha marehemu kama kimepatikana. Eleza, kisha omba afisa aje aichukue. Ripoti iingizwe kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, na upewe nambari yake. Pia dai stakabadhi inayotaja mtengenezaji, ukubwa wa risasi, nambari ya mfululizo, idadi ya risasi, na jina na cheo cha aliyechukua. Ukipewa karatasi iliyoandikwa "bastola moja kuukuu" tu, irudishe kwa heshima uombe iandikwe upya. Bila nambari ya mfululizo, kesho hakuna atakayeweza kusema ni bastola ipi, wewe mwenyewe ukiwemo.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Mmoja wenu anaweza kuomba cheti chake mwenyewe. Bastola inaweza kuhamishiwa kwa muuzaji wa silaha mwenye leseni, aihifadhi au aiuze. Au familia inaisalimisha kabisa. Jueni maana ya kusalimisha: Itifaki ya Nairobi ya 2004 kuhusu silaha ndogondogo iliifunga Kenya na majirani zake kupunguza silaha, na tarehe 15 Novemba 2016 serikali iliteketeza silaha 5,250 kule Ngong. Kwenye tanuri hakuna anayeuliza hii ni ya mwaka gani. Kama mnataka ihifadhiwe, semeni mapema na kwa maandishi, mkiomba izuiliwe ghalani hadi kesi ya mirathi iishe.

Mirathi yenyewe haikwepeki. Kifungu cha 45 cha Sheria ya Urithi, Sura ya 160, kinafanya kuwa kosa kuingilia mali ya marehemu bila mamlaka ya mahakama, na bastola ni mali yake kama ng'ombe na hisa za Safaricom. Iorodheshwe kwenye ombi. Tangazo litatoka katika Gazeti Rasmi la Serikali, watu wapewe siku 30 za kupinga, na kwa kawaida kugawa mali husubiri miezi 6 ipite tangu hati ya usimamizi itolewe. Muda huo usilalamikie. Ndio muda wako wa utafiti. Tena kuiorodhesha hupunguza minong'ono. Nimeona ndugu wakivumiliana kwenye shamba lakini wakashukiana juu ya kitu kimoja kidogo kilichotoweka sandukuni.

Kusoma alama

Kazi hii ifanyike bastola ikiwa mikononi mwa mwenye mamlaka, afisa au muuzaji mwenye leseni, akiwa ameshahakikisha haina kitu ndani. Omba ruhusa ya kupiga picha. Ukinyimwa, beba daftari, tochi na lenzi ya kukuzia, na unakili kila alama jinsi ilivyo, hata ile usiyoielewa. Usiandike unachodhani kimeandikwa. Picha zako zisipite kwenye WhatsApp ya ukoo, na zisionekane kabisa kwenye Facebook na maneno "hii inaweza kwenda bei gani?"

Hapa Kenya ziko Webley nyingi za kutarajiwa, kwa hiyo anza nazo. Ni bastola za Birmingham zinazovunjika katikati: ukibana kitasa cha juu, mtutu unainama na maganda yanasukumwa nje yenyewe. Webley za jeshi zilizotumia risasi nene ya .455 zilianza na Mark I (toleo la kwanza) mwaka 1887 zikaishia na Mark VI iliyopitishwa 1915. Mark VI utaijua kwa mtutu wa inchi 6 na kitako cha pembe za mraba. Zilizoitangulia zina kitako kilichoviringana. Ni nzito, zaidi ya kilo moja, na kwa kawaida aina na mwaka vimechapwa ubavuni upande wa kushoto. Zilitengenezwa takriban laki tatu, kwa hiyo kuwa nayo tu hakukufanyi tajiri.

Dada yake mdogo ni Webley Mark IV ya .38, iliyoenea katika vikosi vya polisi vya makoloni. Ukikuta maneno WAR FINISH, ilitengenezwa wakati wa Vita vya Pili, na alama za vinoleo zilizobaki juu yake si uchakavu bali ni haraka ya kiwandani.

Nyingine hufanana nayo hadi watu huziita zote Webley: Enfield No. 2, ya kiwanda cha serikali ya Uingereza, iliyoingia jeshini mwanzoni mwa miaka ya 1930. Aina yake na mwaka vimechapwa ubavuni upande wa kulia. Ukiona nyundo haina kipembe cha kukokea kwa kidole gumba, hiyo ni Mk I* ya kuanzia 1938. Si kwamba kipembe kimevunjika, na mtu asikushushie bei kwa sababu hiyo. Iliyoandikwa ALBION ilitoka kwenye kampuni ya magari ya Uskoti iliyogeuzwa kiwanda cha silaha vita vilipopamba moto.

Silinda ikitoka kwa kando badala ya mtutu kuinama, tafuta jina Smith & Wesson. Yenye herufi V mbele ya nambari chini ya kitako, na pengine maneno UNITED STATES PROPERTY, ni ya Vita vya Pili, na huenda ni mojawapo ya zile ambazo Marekani iliwapa Waingereza kwa mkopo wa silaha. Hizo za mkopo zinatumia risasi fupi ya .38 S&W, iliyo tofauti na .38 Special inayouzwa leo.

Kuna wageni wachache wanaostahili jicho la pili kwa sababu njia yao ya kufika huku ni fupi na inaeleweka. Bastola ya Kijerumani ya muundo wa 1879 au 1883, ya milimita 10.6, huenda ilivuka mpaka katika vita vya 1914 hadi 1918 dhidi ya von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, vita vilivyotuachia jina la Kariakor (Carrier Corps, kikosi cha wapagazi). Bodeo ya Kiitaliano ya 1889, ya milimita 10.35, huenda ililetwa na askari waliorudi kutoka Somalia na Ethiopia mwaka 1941. Yenye herufi ELG ndani ya duara la yai ilikaguliwa Liège, Ubelgiji. Kama kuna taji juu yake, ni ya 1893 au baadaye. Nyingi za namna hii ni nakala za bei rahisi za Webley Bulldog, ndogo za kuweka mfukoni, na bei yake leo bado ni ya chini.

Sasa alama ndogo, ambazo ndizo huzungumza zaidi. Mshale mpana, unaofanana na unyayo wa kuku, ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Mishale miwili iliyogusana ncha inamaanisha silaha iliondolewa jeshini na kuuzwa kihalali. Tofauti ya hizo mbili ni kubwa na nitairudia. Herufi BP, BV na NP chini ya taji ni za nyumba ya majaribio ya Birmingham, inayopima uimara wa silaha, iliyoanzishwa 1813, na mfumo huo wa herufi ni wa kuanzia 1904. Maneno NOT ENGLISH MAKE yaligongwa kwenye silaha za kigeni zilizopimwa Uingereza kati ya 1925 na 1955, kwa hiyo yanakupa mlango mmoja ambao bastola ilipita. Jina la duka juu ya mtutu ni zawadi. Army & Navy C.S.L. ya London iliwauzia maafisa waliokuwa wakielekea makoloni, na Nairobi yenyewe ilikuwa na mafundi na wauzaji wa bunduki kama Charles Heyer na Shaw & Hunter.

Linganisha nambari ya fremu na zile zilizo kwenye silinda na mtutu. Zikilingana, chuma hiki kimeishi pamoja tangu kiwandani. Na usiruhusu fundi yeyote, hata awe hodari namna gani, aisugue ing'ae. Ile rangi ya kahawia na buluu iliyofifia ndiyo mtozaji anayoilipia.

Karatasi za nyumbani, na hadithi za nyumbani

Rudi sandukuni. Tafuta cheti cha zamani cha silaha, barua ya kuachishwa jeshi la kikoloni la KAR (King's African Rifles), stakabadhi ya duka, mfuko wa ngozi wenye mihuri, picha ambazo mtu amevaa mkanda wa bastola. Nishani za Waingereza za Vita vya Kwanza mara nyingi zina jina na nambari ya askari ukingoni. Nyota za Vita vya Pili walizopewa askari wetu zilitolewa bila majina, kwa hiyo usizitegemee sana.

Karatasi ninayoipenda kuliko zote ni kipande. Tangu miaka ya 1920 hadi baada ya Vita vya Pili, mwanamume Mwafrika alilazimika kukibeba, na ndani yake waajiri waliandika majina yao, muda wa kazi na mshahara. Kilikuwa pingu, lakini kwa mtafiti kinataja ni mzungu gani alimwajiri babu, wapi na lini. Jina hilo ndilo utakalolitafuta kwenye hatua inayofuata.

Kaa na wazee kabla hujafika maktaba. Usimuulize shangazi, "Je, babu alipigana vita?" Muulize alikuwa akiiweka wapi, nani alijua iko, iliwahi kufichwa kwa nani, na mwaka gani. Maswali ya mahali huleta majibu ya kweli kuliko maswali ya sifa. Kwa familia za Kati, jiandae kwa jibu zito. Kati ya 1952 na 1960 bastola ingeweza kuwa ya homugadi au chifu, au ya aliyekuwa msituni, na kuna nyumba zilizokuwa na wote wawili meza moja. Anayenyamaza mwache anyamaze. Utarudi siku nyingine, na pengine hatasema hata hapo.

Kisha pima hadithi zenyewe. "Jeshi lilimpa" ni ya kawaida mno na mara nyingi haisimami. Bastola zilikuwa za maafisa zaidi kuliko askari wa kawaida, na Mwafrika hakupewa uafisa kamili katika KAR hadi ukoloni ulipokaribia kuisha. Silaha ya serikali ilirudishwa ghalani. Kama bastola ina mshale mmoja tu, bila ile miwili iliyogusana ncha, huenda haikutoka jeshini kwa mlango wa mbele, na itabidi mkubali hilo. Upande mwingine, maafisa wengi wa Kiingereza walijinunulia bastola zao, ambazo hazina mshale wowote, na hizo zingeweza kuuzwa au kutolewa zawadi. "Mzungu alimwachia alipoondoka wakati wa Uhuru" inawezekana kabisa, mradi kipande au barua imtaje mzungu huyo. Ama ile ya kwamba ilikuwa ya Roosevelt alipokuja kuwinda mwaka 1909, cheka kidogo, kisha uombe karatasi.

Karatasi za serikali

Jengo la Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa, Moi Avenue, ambalo watu wengi wa Nairobi hulitumia kama mahali pa kukutania, lina chumba cha kusomea ghorofani. Utajiandikisha na kulipa ada ndogo. Usiingie ukisema unatafuta bastola. Sema wilaya na miaka: majalada ya wakuu wa wilaya yamepangwa kwa vifupisho kama DC/MKS kwa Machakos na DC/KSM kwa Kisumu, na ya mikoa kama PC/CP kwa Mkoa wa Kati. Omba orodha, utazame vichwa vinavyotaja silaha, vibali, homugadi au ulinzi wa mashamba.

Gazeti Rasmi, lililoanza 1899, sasa linapatikana mtandaoni na linatafutika kwa jina. Weka jina la yule mwajiri. Matangazo ya mirathi yake, ya kampuni yake au ya uteuzi wake katika kikosi cha wakoloni yatakupa miaka ya kuishi kwake nchini, na kwa hayo unaweza kukubali au kukataa hadithi ya shangazi. Magazeti ya kale yatafute katika Maktaba ya McMillan, Banda Street.

Kama mwenye bastola alikuwa afisa Mwingereza wa Vita vya Kwanza, hifadhi ya taifa ya Uingereza huko Kew inaweka majalada ya maafisa katika mafungu WO 339 na WO 374. Vitabu vya mauzo ya silaha vya Army & Navy viko Chuo Kikuu cha Glasgow. Kwa Colt na Smith & Wesson, kuna huduma za kumbukumbu huko Marekani zinazouza barua ya historia: unatuma nambari na maelezo, wanakujibu ilitoka kiwandani lini na ilipelekwa kwa nani. Huhitaji kuwa na bastola mkononi kuagiza barua hiyo, bora uwe na ile stakabadhi yenye nambari.

Bei

Uko tayari kuuliza bei sasa. Tazama minada iliyokwisha, si matangazo. Anayetangaza huandika ndoto yake; mnada unaonyesha mtu aliyelipa. Angalia pia kama bei iliyochapishwa inajumuisha tozo ya mnunuzi, ambayo mara nyingi huongeza asilimia 20 au zaidi. Linganisha aina ileile, mwaka wa karibu na hali inayofanana.

Marekani, Mark VI nzuri huuzwa kuanzia mamia ya dola hadi zaidi ya elfu moja. Bei za huko haziwezi kuletwa Nairobi kama zilivyo, kwa sababu soko lao lina sheria zake. Kwao, iliyotengenezwa kabla ya 1899 ni antiki kisheria na hupanda bei kwa sababu hiyo tu. Uingereza nayo ilipiga marufuku bastola nyingi mwaka 1997. Webley nyingi zilizofika Marekani zilikatwa silinda ili zipokee risasi ya .45 ya kwao, na hizo hushuka bei. Muulize muuzaji anayekagua ya kwenu kama silinda ni nzima. Kutu ndani ya mtutu, rangi iliyopakwa upya na vibao vya kitako visivyo vyake pia hupunguza.

Kinachopandisha ni jina lililochongwa, mfuko wa ngozi wa wakati uleule, na karatasi. Hapa wengi huanguka. Barua ya mwaka 1938 inayosema "nimemwachia Mzee bastola yangu" inagusa moyo, lakini mnunuzi makini atauliza: bastola ipi? Karatasi huongeza bei pale tu inapotaja nambari ileile iliyo kwenye chuma. Cheti cha zamani cha leseni kwa kawaida kinaitaja, ndiyo maana karatasi hiyo iliyoraruka inaweza kubadilisha bei kuliko hali ya bastola yenyewe.

Kwa ajili ya mahakama huhitaji ndoto za minada. Mwombe muuzaji mwenye leseni akuandikie makadirio ya bei ya hapa Kenya, yenye tarehe, nambari ya mfululizo na sahihi. Tarajia kiasi kidogo. Ukishauriwa kuiuza nje, kwanza piga hesabu ya vibali vya pande zote mbili, wakala na usafirishaji. Kwa Webley ya kawaida hesabu hiyo humeza bei yote.

Kama Bodi imemnyima kila mmoja wenu cheti na hakuna muuzaji anayeitaka, omba kwa maandishi kabla ya kusalimisha: picha za pande zote mbili zipigwe na afisa, alama zote zinakiliwe, na mfuko wa ngozi, nishani na karatasi zibaki kwa familia, kwa kuwa hizo si silaha. Unaweza pia kuuliza, kupitia Bodi hiyohiyo, kama Makumbusho ya Taifa yangependa kuiangalia. Nakala za yote uliyokusanya zikae sehemu tatu: kwa wakili, kwa msimamizi wa mirathi, na kwa yule mjukuu anayeuliza maswali mengi kuliko wengine.